Mama anakuja Liverpool

Kikundi: Jamaa wa Kibokoni

JUMAMOSI

Zuhura: Assalaam aleikum nyote. Mama shikamoo. Viza imetoka alhamdulillahi, safari ni wiki ya kwanza ya Agosti in shaa Allah. Nataka tupange mapema tutamtembeza wapi. Mwenye fikra aseme.

Athman: Waaleikum salaam. Anfield, uwanja wa mpira! Mengine yafuate.

Nuru: Shikamoo Nyanya ❤️ Khalati, mimi nitatoka Manchester nije tuwe sote. Kuna Chester Zoo pia, si mbali na kwenu.

Hafidh: Nyanya yuko hapa kando yangu, ananiambia niandike alivyosema: "Marahaba wanangu. Wanyama la. Ndovu wako Tsavo, siendi kulipa pauni kutazama ndovu. Nionesheni watu wanavyoishi huko, na bahari kama ipo."

Zuhura: Bahari ipo Mama, na feri ipo. Mto Mersey pale mjini ni kama Kilindini: huku Liverpool, ng'ambo Birkenhead, na meli za mizigo zinapita katikati. Watawa wa Birkenhead ndio waliokuwa wakivusha watu kwa makasia, na mwaka 1330 mfalme Edward wa Tatu akawapa idhini rasmi. Siku hizi wengi wanapita chini ya maji. Treni ina njia yake chini ya mto tangu 1886, magari tangu 1934. Kwa hiyo mchana feri imebaki ya kupunga upepo, inazunguka kama dakika 50 na kuna sauti inakueleza unachokiona.

Athman: Likoni twavuka bure lakini 😄

Zuhura: Hapa unalipa, kweli. Ila Mama atakaa kitini, hasukumwi na mtu. Na akitoka majini yale majumba matatu makubwa ya bandarini yanamkabili usoni. Lile la saa kubwa, Royal Liver, ni la 1911, lina ndege wawili wa shaba juu ya minara. Hapo hapo kando kuna Makumbusho ya Liverpool, kuingia bure, na ndani kuna lifti. Magoti ya Mama nayafikiria sana katika mpango huu.

Shangazi Mwanaisha: Zuhura mwanangu, usimkimbize mama yako. Mimi nilipokwenda kwa Salim Leicester nilitembezwa mpaka miguu ikavimba, na sikumbuki hata nilichokiona. Mahali pamoja kwa siku panatosha. Akae, atazame, anywe chai.

Zuhura: Shikamoo Shangazi. Ndivyo ninavyotaka hasa. Mahali pamoja kwa siku, basi.

Nuru: Na Beatles, wale wanamuziki?

Zuhura: Mathew Street tutapita tukienda madukani, ataona sanamu na watu wanaopiga picha. Yatosha.

Hafidh: Nyanya anauliza msikiti uko karibu?

Zuhura: Mama, hapa ndipo nina hadithi ya kukupa. Upo Al-Rahma, mtaa wa Toxteth, mkubwa, Ijumaa unajaa. Lakini nataka nikupeleke kwanza kwenye nyumba moja ya Brougham Terrace. Kulikuwa na wakili wa hapa Liverpool, Mwingereza mzaliwa, William Quilliam. Akaenda Morocco, akawaona Waislamu wanavyoishi, akasilimu mwaka 1887 na kujiita Abdullah. Siku ya Krismasi 1889 akafungua msikiti katika nyumba ile, na siku hiyo hiyo akawalisha watoto maskini wa mji. Alikuwa na nyumba ya mayatima, alikuwa na gazeti la kila wiki. Sultani Abdul Hamid wa Istanbul akampa cheo cha Sheikh-ul-Islam wa visiwa hivi. Na watu wa mtaa walikuwa wakiwarushia mawe yeye na wenzake wakienda kuswali.

Shangazi Mwanaisha: Subhanallah. Mwaka 1889!

Zuhura: Ndio Shangazi. Alipoondoka 1908 msikiti ukafa. Nyumba ikageuzwa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, miaka mingi sana. Baadaye Waislamu wa hapa wakajichanga, wakaikarabati, na sasa inaswaliwa tena. Kwa nje ni nyumba nyeupe ya kawaida, ukipita na basi hutajua. Nataka Mama aswali rakaa mbili pale.

Hafidh: Nyanya anasema hiyo iwe ya kwanza. Kabla ya feri.

Zuhura: Imekuwa ya kwanza.

Athman: Na Anfield je? Nauliza kwa adabu.

Zuhura: Tutakwenda kaka. Ndani ni kwa tiketi, lakini nje kuna kumbukumbu ya Hillsborough, majina ya mashabiki 97 wa Liverpool waliokufa kwa mkanyagano wa 1989 katika uwanja huo wa Sheffield. Watu wanaweka maua na skafu kila siku. Familia zao walipigania haki miaka na miaka, wakikanusha uongo uliosemwa kuwa mashabiki ndio wenye makosa, mpaka 2016 baraza la mahakama likatamka kuwa waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Ukitaka kuujua mji huu, anza hapo. Jezi yako nitanunua.

Athman: Nakuombea kila la kheri dadangu 🙏🏾

JUMAPILI

Nuru: Khalati, nimelala nikifikiria. Tukimwonesha Nyanya bandari, tusimfiche pesa ya bandari ilitoka wapi.

Zuhura: Sema.

Nuru: Meli za mji huu zilibeba Waafrika kama milioni 1.5 kuwapeleka Marekani na visiwa vya Caribbean. Meli ya kwanza inayojulikana iliondoka 1699, wakaendelea hadi biashara ilipopigwa marufuku 1807. Wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, yetu ya pwani ilikuwa na njia zake za Zanzibar na Oman. Lakini tazama Town Hall pale juu ukutani: vichwa vya Waafrika vimechongwa, na ndovu, kama pambo. Watu wanapita chini yake wakila sandwichi.

Nuru: Makumbusho ya Utumwa ilifunguliwa 23 Agosti 2007, ila Januari 2025 ilifungwa kwa ukarabati mkubwa. Kwa hiyo tutembee nje, mimi nitaeleza.

Athman: Mama ataweza kusikia hayo? Amekuja kupumzika.

Hafidh: Nyanya anasema: "Athman, Kengeleni napapita kila nikienda Kongowea. Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, nimeikuta, na kengele yake naijua ni ya nini. Mnieleze."

Athman: Haya Mama. Samahani.

Zuhura: Nuru, siku hiyo ni yako. Asubuhi tu, halafu tukale Lodge Lane, kuna mikahawa ya Wayemeni, mandi yao Mama ataipenda.

Nuru: Na Port Sunlight? Ni treni tu, ng'ambo ya mto.

Shangazi Mwanaisha: Sunlight ile sabuni??

Nuru: Ile ile Shangazi! William Lever alijenga kijiji kizima kwa wafanyakazi wa kiwanda chake kuanzia 1888. Nyumba nzuri, bustani, shule. Akajenga na jumba la sanaa kwa jina la mkewe, 1922, kuingia bure. Pazuri mno kwa kutembea pole pole, ni tambarare. Lakini mafuta ya mawese ya kutengenezea sabuni mengine yalitoka Kongo. Mwaka 1911 kampuni yake ilipewa mashamba na Wabelgiji, na watu kule walilazimishwa kuchuma. Huku nyumba yenye waridi, kule kiboko.

Zuhura: Tutakwenda, na Mama aambiwe yote mawili. Kwenye benchi, si kwa kutembea.

Hafidh: Nyanya ananyamaza. Sasa anasema tulifulia sanda za watu kwa sabuni ile.

Shangazi Mwanaisha: La haula.

Zuhura: Mama, jioni moja nitakupeleka Crosby, kwa treni ya Southport, tushuke Waterloo. Pwani ndefu ya mchanga, na kuna sanamu 100 za chuma, watu wa kimo cha kawaida, wametawanyika kama kilomita 3, wote wanatazama baharini. Ni kazi ya Antony Gormley, alijipiga mwili wake mwenyewe kalibu. Maji yakijaa wengine wanazama mpaka kichwani, yakitoka wanabaki na makome mwilini. Huku bamvua ina nguvu: maji yanapanda na kushuka hadi mita 10 hivi, Mombasa haifiki nusu yake. Na matope yanameza mguu. Kwa hiyo tutakaa njia ya juu, ile ya saruji. Hafidh, mwambie Nyanya hakuna kushuka kufuata maji.

Hafidh: Anasema yeye ni mtu wa pwani.

Zuhura: Najua. Bado la.

Nuru: Na jua Agosti mwanzo linazama saa tatu usiku Nyanya! Magharibi unaswali saa tatu.

Hafidh: Anauliza chakula cha usiku basi mnakula saa ngapi?

Zuhura: Tutakula saa moja, jua likiwa juu, atazoea. Mama, beba sweta na mtandio mzito, joto ni nyuzi 20 hivi na upepo wa mto haukati. Treni na mabasi nitakukatia Saveaway, tiketi moja ya siku nzima, ila siku za kazi inaanza saa tatu na nusu asubuhi. Tutatoka tukishakunywa chai bila haraka.

Shangazi Mwanaisha: Hapo umenena.

Zuhura: Basi: Brougham Terrace kwanza, feri, siku ya Nuru, Port Sunlight, Anfield, Crosby siku maji yakiwa yanatoka jioni, nitaangalia jedwali la maji. Katikati siku za kukaa nyumbani tu. Hafidh, dawa za presha za Nyanya ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Na barua ya daktari.

Hafidh: Sawa Khalati Zuhura. Anauliza achukue na achari ya ndimu?

Zuhura: Achukue. Ifungwe mara mbili, iende kwenye sanduku.