Yule fundi boti wa Kibirizi hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika ni shimo la taka la kwao?

Wakuu, naandika nimefura, makosa ya tahajia mtanivumilia.

Mnamjua. Kofia ya njano, mdomo mrefu, mashine za watu zimening'inia kwenye gogo kama mbuzi wa machinjoni. Asubuhi hii niko majini, nasuuza dagaa kwenye beseni. Jamaa kaja na kidumu cha oili chafu, kamimina ziwani. Palepale! Ule utando wa rangirangi ukaanza kunifuata. Namwambia, kaka, vipi tena? Anajibu: "Bi mkubwa, ziwa lina mita 1,470 kwenda chini, kidumu changu kitafika wapi?"

KITAFIKA WAPI! Kimefika kwenye beseni langu! Oili inaelea, hizo mita 1,470 zinahusu nini?

Na ngama, yale maji yanayotuama ndani ya boti, anaikumba hivyohivyo na mafuta yake, wakati angetupia matambara kwanza yakanyonya. Rangi ya zamani anaikwangua boti likiwa nusu majini, turubai hatandiki, vumbi lote linaingia ziwani tunakochota maji. Halafu oili chafu wenye mbao wanaililia wapake dhidi ya mchwa, yeye anamwaga hela!

Eti kitafika wapi. Na bi mkubwa ni nani? Mimi?

Kijana wa Mwanga: Kwa hiyo kinachouma ni oili au "bi mkubwa"? 😂😂

Mleta mada: Vyote! Kidumu. Changu. Kitafika. Wapi.

Mgebuka Mkavu: Ziwa Tanganyika mto unaotoka ni Lukuga tu, kule Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi oili. Ukimwaga leo, wajukuu watakukuta nayo.

Kijana wa Mwanga: Profesa kaamka.

Spana 17: Mafundi mnatuonea. Wekeni pipa la oili chafu hapo mwaloni muone nani atamwaga. Nyie wa kufua na mapovu yenu mbona hamfunguliwi uzi?

Mleta mada: Wewe ndiye yeye!! Kofia ya njano!!

Spana 17: Mi niko Ujiji, dada, tulia.

Abiria Mchovu: Bora hata oili. Boti ya Kagunga tunaambiwa inang'oa saa sita, inang'oa ikijaa. Jana nimekaa juu ya gunia la mtu mpaka miguu ikafa ganzi, na jirani anatupa mifuko ya maandazi majini.

Mama Chapati: Mleta mada si ndiye anayetuuzia dagaa wenye mchanga? Juzi nimetafuna kokoto.

Mleta mada: Mchanga ni wa wanaoanika chini. Mimi naanika kwenye chanja.

Mgebuka Mkavu: Dagaa wa mchanga ni wa Mwanza, Ziwa Victoria huko, msituchanganyie maziwa.

Msukuma wa Igoma: Hapo kwenye Mwanza umeyataka. Dagaa wenu wa Kigoma bei ya mbuzi mzima, ukikaanga wanaishia kwenye kijiko.

Kijana wa Mwanga: Mkuu, fungua uzi wako, nakuja na viti.