HAProxy mbele ya PostgreSQL ya wingu: muunganisho ukikaa kimya unakatwa

porti_wazi:
Wakuu, naomba msaada. Hifadhidata yetu, PostgreSQL 16, iko kwenye Amazon RDS (huduma ya hifadhidata ya wingu la AWS), kanda ya Cape Town, ndani ya sabneti isiyo na anwani ya umma, na lazima ibaki hivyo. Kampuni ya nje inayoandaa ripoti ina IP mbili zisizobadilika na programu yao inahitaji kufika porti 5432. Nimeweka mashine ndogo ya Ubuntu yenye Elastic IP (anwani ya umma isiyobadilika), na juu yake HAProxy, proksi inayopokea miunganisho na kuipeleka kwenye hifadhidata. Wanaingia vizuri, ila muunganisho ukikaa bila kazi kama dakika moja, unakatwa. Pia `sslmode=verify-full` (mteja kuhakiki cheti cha seva pamoja na jina lake) inakataa jina la cheti. Na je, nikitaka hifadhidata ione IP halisi ya mteja, niweke `send-proxy`, inayoifanya HAProxy itangulize IP ya mteja mwanzoni mwa muunganisho?

fundi_safu4:
Mkuu, hiyo dakika ni sekunde 50. Faili la `/etc/haproxy/haproxy.cfg` linalokuja na kifurushi cha Ubuntu lina `timeout client 50000` na `timeout server 50000` kwenye `defaults`, na hizo ni milisekunde. Zinafaa wavuti, ambako ombi huja, hujibiwa, basi. Programu ya hifadhidata hushikilia muunganisho wazi hata kama haina cha kuuliza. Humo humo kuna `mode http`, kwa hiyo `mode tcp` iandikwe kwenye frontend (upande wa wateja) na kwenye backend (upande wa hifadhidata) pia.

```
resolvers vpc
    nameserver aws 169.254.169.253:53
    hold valid 10s

frontend pg_nje
    bind :5432
    mode tcp
    option tcplog
    option clitcpka
    timeout client 1h
    timeout client-fin 30s
    acl ruhusa src 203.0.113.10 203.0.113.11
    tcp-request connection reject if !ruhusa
    default_backend pg_ndani

backend pg_ndani
    mode tcp
    option srvtcpka
    timeout connect 5s
    timeout queue 10s
    timeout server 1h
    server db1 JINA-LA-RDS:5432 check maxconn 20 resolvers vpc init-addr libc,none
```

Hizo IP mbili ni za mfano, weka zao. Kagua kwa `haproxy -c -f /etc/haproxy/haproxy.cfg`, kisha `systemctl reload haproxy`.

Usitegemee keepalive (`clitcpka` na `srvtcpka` hapo juu, pakiti za kupima kama upande wa pili bado upo) kuzuia kukatwa huku. Pakiti zake huishia kwenye kerneli na hazibebi data, kwa hiyo HAProxy haizihesabu kama kazi. Nimeziacha kwa sababu nyingine: zinagundua upande uliokufa bila kuaga, mfano mteja aliyezimikiwa umeme. Ila Linux husubiri sekunde 7200 kabla ya kutuma ya kwanza, hivyo shusha `net.ipv4.tcp_keepalive_time` hadi 120. Siku utakapoweka Network Load Balancer (kigawa mzigo cha AWS) mbele, hili litakuwa la lazima, maana yenyewe husahau muunganisho wa TCP uliokaa kimya sekunde 350 usipobadilisha mpangilio huo.

Sehemu ya `resolvers` usiiruke. Bila hiyo HAProxy hutafuta IP ya jina la RDS mara moja tu, inapowaka. RDS ya Multi-AZ (yenye mashine ya akiba kwenye kituo kingine) ikihamia mashine hiyo, jina hubaki lile lile lakini IP hubadilika, na proksi yako itaendelea kugonga mlango wa zamani hadi mtu aiwashe upya.

cheti_na_kufuli:
Kuhusu cheti: proksi ya TCP hupitisha TLS kama ilivyo, kwa hiyo mteja anaona cheti cha RDS chenyewe, chenye jina la RDS. Akiunganisha kwa jina la proksi yako, verify-full ina haki ya kukataa. Tafadhali msishuke hadi `require`, maana kwa kawaida hiyo husimba mawasiliano bila kuhakiki anayejibu ni nani. Kama programu yao inatumia libpq (maktaba ya mteja ya PostgreSQL), watenganishe vitu viwili:

`host=JINA-LA-RDS hostaddr=IP-YA-PROKSI sslmode=verify-full sslrootcert=global-bundle.pem`

`hostaddr` ndiyo inayopigiwa, `host` ndiyo inayolinganishwa na cheti. Dereva ya JDBC haina `hostaddr`. Huko waandike jina la RDS na IP ya proksi kwenye `/etc/hosts` ya mashine yao.

`send-proxy` usiweke kabisa. PostgreSQL haielewi PROXY protocol, yaani ule utangulizi wenye IP ya mteja. Baiti nne za kwanza inazopokea huzisoma kama urefu wa pakiti ya kuanzia. Herufi «PROX» zikisomwa kama namba zinatoa 1347571544, wakati kikomo ni 10000. Utaona `invalid length of startup packet` kwenye logi na hakuna atakayeingia. `client_addr` kwenye `pg_stat_activity` itabaki IP ya proksi. Ukitaka kumjua mteja, linganisha `client_port` na logi ya HAProxy, ukiongeza `%bi:%bp` kwenye `log-format`.

porti_wazi:
Asanteni sana. Ikikatika tena, nitajuaje ni upande gani umekata?

fundi_safu4:
Angalia herufi mbili za hali ya kufunga kwenye mstari wa tcplog. `cD` ni muda wa mteja kuisha wakati wa data, `sD` ni wa seva. `CD` ni mteja kukata mwenyewe. `SC` ni seva kukataa kuunganishwa, na `sC` ni kusubiri kuunganishwa hadi muda ukaisha: hapo kagua kama security group (kanuni za ngome za AWS) ya RDS inaruhusu 5432 kutoka security group ya proksi. `--` ni kufunga kwa kawaida.

Na security group ya proksi nayo ifunguliwe kwa zile IP mbili tu. ACL ya HAProxy (ile orodha ya IP zinazoruhusiwa) ni kizuizi cha pili, isiwe cha pekee. Ukiacha 0.0.0.0/0 (yaani kila anwani), kila anayepekua porti intaneti nzima atafika hadi kwenye mchakato wako kabla ya kukataliwa.

cheti_na_kufuli:
Nyongeza kwenye `maxconn 20`: wa ishirini na moja atasubiri foleni sekunde 10, kisha atakatwa, na logi itaonyesha `sQ`. Wakilalamika, kwanza hesabu miunganisho wanayofungua kwa pamoja, ndipo upandishe namba ukilinganisha na `max_connections` ya hifadhidata. Kumbuka mfumo wenu wenyewe unakula kutoka sahani hiyo hiyo.