Watoto wanasinzia kabla ya saa nne: kosa ni la uji?

Mlezi wa kituo, Ujiji
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninalea watoto ishirini na wawili, wa miaka mitatu hadi mitano, katika kituo cha kulelea watoto mchana. Asubuhi huingia wakiwa wachangamfu, lakini kabla ya uji wa saa nne baadhi yao husinzia mkekani, na zoezi la kuhesabu kwa chikichi, ambalo wanalipenda mno, hukatika katikati. Uji wenyewe ni wa dona na sukari tu, kwa kuwa michango ya wazazi ni midogo. Nianzie wapi?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kasulu
Pole na kazi, mwalimu. Kabla ya kuulaumu uji, watazame watoto wenyewe. Malaria bado inatusumbua mkoani kwetu, nayo ikimrudia mtoto humpunguzia damu, hivyo mwenye viganja vilivyopauka apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kwa walio chini ya miaka mitano, mwombe mhudumu wa mtaa wako aje na utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, unaoonyesha utapiamlo: chini ya sentimita 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri, chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kagua pia kadi za kliniki, uone kama matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambavyo hutolewa kila baada ya miezi sita, havikurukwa.

Mpishi wa kituo, Kibirizi
Uji nao usiachwe hivyo. Saga dagaa waliokaushwa kwenye chanja, si mchangani (watoto wangu waliwahi kutafuna mchanga, wakasusa vikombe wiki nzima), uchanganye unga wake kidogo kidogo hadi wauzoee. Ukiepua, tia mawese mabichi yenye wekundu wake, kwa maana ukiyachoma hadi yakawa meupe, kile kinachompa mtoto vitamini A kimekwisha.

Mzazi, Kigoma mjini
Samahani, walimu wangu. Mwanangu hutoka nyumbani saa kumi na mbili bila kutia kitu kinywani, kwa sababu nawahi sokoni. Huenda hao wanaosinzia hawajala tangu jana jioni.

Mlezi wa kituo, Ujiji
Hilo sikuwahi kuliuliza, mama, nashukuru. Kesho nitamwuliza kila mzazi mlangoni, na uji nitausogeza hadi saa mbili. Dagaa nitaanza nao Jumatatu.