4294967297 ni namba tasa au sio?

Kuchele_Newala:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha twisheni ya hesabu huku Newala, leo dogo mmoja wa kidato cha nne kaniletea 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 halafu ongeza 1, anasema lazima iwe tasa kwa sababu ukiweka vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 unapata 3, 5, 17, 257 na 65537 na zote ni tasa. Tumejaribu 3 ikagoma, 7, 11, 13 zikagoma, tumefika mpaka 97 hamna kitu. Kipeuo cha pili ni 65536 na ushee, sasa hadi hapo kuna namba tasa 6542, na tunatumia kalkuleta ya kupigia mahesabu ya korosho. Njia ya mkato ipo?

Mzee_Mikindani:
Mwalimu, huyo dogo anafikiri vizuri, Pierre de Fermat wa Ufaransa naye aliamini hivyohivyo karne ya 17. Leonhard Euler ndo aliivunja mwaka 1732. Piga hapo gawanya kwa 641, inatoka 6700417 kamili bila pointi.

Kuchele_Newala:
Aisee kweli imetoka! Shikamoo mzee wangu. Sasa 641 aliitoa wapi, au alijaribu mojamoja kama sisi?

binti_wa_Lindi:
Kaka hakuhangaika na zote. Kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiache baki 1 ukikigawa kwa 64, Euler mwenyewe alithibitisha. Kwa hiyo unaandika 65, 129, 193 unaendelea kuongeza 64, unafuta zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641, basi umefika. Tena 257 unairuka, maana zidisha 3×5×17×257×65537 unapata 4294967295, yaani namba yako toa 2, so kila moja ya hizo tano ukiigawia lazima ikuachie baki 2. Mimi hii naipenda kuliko zote, wape madogo waizidishe kwa mkono wajionee.

Na bila kalkuleta kabisa: 641 ni 5×128+1, na pia ni 625+16. Ukihesabu baki za kugawa kwa 641, 5×2⁷ ni sawa na -1 (ni 640, yaani 641 toa 1), pandisha kwa kipeo cha 4 unapata 5⁴×2²⁸ sawa na 1, lakini 5⁴ ni sawa na -2⁴, kwa hiyo -2³² ni sawa na 1, maana yake 2³²+1 inagawanyika kwa 641. Mistari mitatu tu ubaoni.

Kuchele_Newala:
Dada Mungu akubariki, hii kesho asubuhi naianza nayo. Najua wataniuliza, 6700417 yenyewe je?

Mzee_Mikindani:
Ni tasa, na kuhakikisha ni kazi ndogo. Édouard Lucas mwaka 1878 alibana zaidi, badala ya 64 weka 128. Kipeuo cha pili cha 6700417 ni 2588 na kidogo, hadi hapo tasa za aina hiyo ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 basi. 257 tushaitoa. Hizo nne wagawie madogo kila mmoja na yake, baki zitoke 44, 120, 334 na 622.