Yule jamaa wa banda umiza kanitukania mama kwa maiki, nimetoka hapo sasa hivi bado natetemeka

Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule anayetafsiri picha hadi mbwa akibweka.

Mlangoni kabandika karatasi: KONG MPYA. Nikatoa jero, nikakaa benchi la mbele. Picha inaanza, haina rangi, michirizi kama mvua ya masika. Kumbe White Pongo ya 1945! Mpya! Mwaka huo babu yangu anachunga mbuzi bila suruali.

Wazungu wameingia Kongo kumkamata gorila mweupe, eti ndiye kiungo kati ya mtu na nyani. Wanatembea. Wanalala. Wanatembea tena. Nimeingia sina ndevu nimetoka na mvi. Gorila mwenyewe anatembea kama mjomba aliyeshiba pilau, na magotini anakunjamana kama suruali ya mtumba. Nikasema tu, taratibu kabisa: "Huyo si mtu kavaa manyoya?"

Gorila kageukia kwetu, na jamaa na maiki yake akamtafsiri: "Shikamoo kaka wa shati la njano, mama anakuulizia."

MAMA ANAKUULIZIA! Na ile maiki ina mwangwi! Anakuulizia-lizia-lizia! Banda zima chini. Katoto kalikopenya chini ya turubai, hata jero hakajatoa, kakasimama kunikagua pua. Narudi nyumbani, muuza chipsi wa kona ananiita "shati la njano". Habari imefikaje kabla yangu?

Jero nasamehe. Mama je?

Mpiga_Debe: Weka picha yako kwanza tuone kama kaonea.

BintiPwani: Gorila kakuamkia vizuri, wewe hata marahaba hukuitikia. Nani mnyama hapo?

Mzee wa Reli: Ni mtu kweli, Ray Corrigan, alikula mjini kwa kuvaa manyoya. Mwaka huohuo 1945 kacheza The White Gorilla, humo yeye ndiye shujaa na yeye ndiye gorila. Kajiwinda mwenyewe. White Pongo ni ya PRC, studio ya makapuku wa Hollywood, sasa ulitaka gorila wa kweli walipwe na nani?

Mleta mada: Mzee, nazungumzia MAMA, unaniletea Corrigan.

Mushi_wa_Kivu: Mie niko Bukavu, hifadhi ya Kahuzi-Biega iko hapa karibu, magorila yetu ni meusi tii. Ila mweupe alikuwepo kweli, Copito de Nieve, wa Guinea ya Ikweta. Alipelekwa Barcelona 1966, akafia huko 2003.

Mleta mada: Naye walimwambia mama anamuulizia?

Mpiga_Debe: Huyo mama yake walimuua, ndugu yangu, usitanie.

Kiduku: Afadhali nyie mna picha. Banda la kwetu fainali dakika ya 88 jenereta likazima, mwenye banda akatoka kutafuta petroli mpaka leo.

BintiPwani: Ngoja kwanza, chipsi wa kona ni yule mwenye apron ya buluu? Anaongeza maji kwenye mayai!

Kiduku: KUMBE SI MIMI TU. Yai moja sahani tatu!

Mleta mada: Jamani uzi wangu.

Mzee wa Reli: Kaa chini shati la njano. Binti, hayo maji anayachota wapi, kwenye ile ndoo ya kunawia?