Dole gumba langu limetundikwa ukutani mbele ya wazazi wenzangu!

Wakuu, mbukwenyi. Natoka kikao cha wazazi shuleni sasa hivi, hata kofia sijavua. Yule madamu wa TEHAMA mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Yule mwenye kishkwambi cha sensa ya 2022, anakibeba kwapani kama mchungaji na Biblia.

Juzi katuma kwenye kundi la WhatsApp: kazi ya nyumbani ipigwe picha, irudi kwa PDF kabla ya saa tatu usiku. Saa tatu! Mimi fundi gereji, nafika nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, saa mbili na nusu nina grisi mpaka kwenye nyusi. Simu ya nyumba nzima ni moja, kioo kina ufa kuanzia Bahi mpaka Kongwa. Umeme umekata. Mke anamulika kwa kitochi, mtoto kashika daftari, mimi napiga. Nikatuma picha hivyo hivyo. Nikalala najiona mzazi wa kidijitali.

Leo kawasha projekta. Wakuu, ukutani likatokea dole. Langu. Kubwa kama mlango wa Fuso, ukucha mweusi tii, hesabu za mtoto zinachungulia kwa mbali pembeni. Anasema, "Wazazi, tusitume picha hivi." Ukumbi ukaangua kicheko. Mlinzi alikuwa dirishani, naye akacheka. MLINZI! Halafu eti kishkwambi kimeganda. Mwaka mzima hakijaganda, kije kigande kwenye dole langu? Dakika kumi linaning'inia pale, mimi nimelikunja mfukoni kama mwizi.

Wasimamizi, msiunganishe huu uzi na mwingine.

Mtani wa Mpwapwa: Uzi bila picha ni majungu. Lete dole.

Mama Zabibu: Pole, ila nusu pole. PDF simu yako hiyo hiyo inatengeneza bure. Na ukitoka gereji unawe, baba.

Fundi Spana (mleta mada): Mama, oili chafu hainawiki! Nimesugua kwa Omo na mchanga. Mlinzi kacheka, mama. Mlinzi.

Siti ya Dirishani: Nilikuwemo kikaoni. Mimi nilidhani ni muhogo wa kuchoma.

Mzazi wa Kisasa: Nyie mna nafuu. Wetu alituma kiungo cha video Jumapili saa nne usiku. Nikanunua GB nzima, mtoto akaangalia katuni mpaka bando likakata. Nafungua daftari, kazi yenyewe: chora mbuzi.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada mnasoma bure. Kaeni na mtoto nusu saa, mwisho simu irudi kabatini.

Mtani wa Mpwapwa: Bure, shikamoo. Bando je?

Mama Zabibu: Hebu turudi kwa huyo mbuzi. Alichorwa?

Mzazi wa Kisasa: Nilichora mimi. Nimepata 3 kati ya 10, eti anafanana na bodaboda.

Siti ya Dirishani: Mbuzi wa kweli wako mnadani Msalato Jumamosi. Ila wamepanda bei, wanatuona watumishi wote tuna posho.

Mtani wa Mpwapwa: Na wanakuchomea mguu wa mbele wanakwambia ni paja!

Fundi Spana (mleta mada): Jamani, tulikuwa kwenye dole.

Mama Zabibu: Dole gani tena? Wewe Siti, paja zima sasa hivi shilingi ngapi?