Baba hataki kung'oa mibuni, mwanangu hataki kuiona

Kitinda Mimba ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto sita, na kwa desturi yetu Wachagga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba, kinachoizunguka. Nimebaki nacho kwa jina tu, kwa kuwa nimeishi Dar es Salaam miaka 22 nikifanya kazi ya uhasibu, na kihamba kiko Kilema, mlimani Kilimanjaro, ambako mapadre Wakatoliki walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Baba ana miaka 81 na mama ana 74. Baba anatunza mibuni isiyofika 400, mingi ikiwa imepandwa na babu. Kila mwaka huipogoa, huipalilia, huchuma na kumenya kahawa jioni ya siku ile ile kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kisha hupeleka chama cha msingi cha ushirika magunia ambayo, ukipiga hesabu kama ninavyozipiga mimi kazini, miaka mingi hayakurudisha hata gharama ya dawa na mbolea.

Kwa miaka mitatu nimemsihi akubali tung'oe sehemu ya mibuni tupande maparachichi. Hakatai waziwazi. Husema, "Tutaona," na mwaka unapita. Nikaona basi angalau nimpunguzie mzigo, nikawa namtumia fedha kwa simu kila mwezi wa saba ili aweke vibarua. Krismasi iliyopita tulipokwenda nyumbani aliniita chumbani kwake, akafungua kopo la maziwa ya unga na kunitolea noti zote nilizotuma kwa miaka hiyo mitatu, zimefungwa kwa mpira, akasema, "Hizi ni zako. Ulituma kwa ajili ya vibarua, na vibarua sikuweka." Kazi yote ameifanya mwenyewe, na goti lake la kulia halikunji vizuri. Nilihisi kama nimerudishiwa barua bila kufunguliwa.

Upande wa pili nina kijana wa miaka 19 ambaye hataki kusikia habari za kihamba. Anahariri video za harusi kwa kompyuta, tena analipwa. Sikukuu hizo alikesha usiku mzima akimalizia kazi ya mteja, na mimi nilikuwa tayari kumfokea, lakini nikamkuta babu yake ameketi kando yake na kikombe cha chai, amejifunika blanketi, anatazama. Hakumuuliza kazi hiyo inaleta shilingi ngapi, swali ambalo mimi ndilo huanza nalo. Alimuuliza, "Nani alikufundisha?"

Naomba mawazo yenu. Ni kitu gani kinachomwamsha mzee wa miaka 81 alfajiri kwenda kwenye kazi isiyomlipa, ilhali mimi ninayelipwa vizuri huamka kwa kujiburuta? Na nifanye nini na mashamba haya bila kumvunja moyo baba wala kumfunga mwanangu kamba?

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Ndugu Kitinda Mimba, nimefanya kazi ya ugani miaka 31, sehemu kubwa katika wilaya za kahawa, kwa hiyo nitaanza na mibuni ndipo nije kwa baba.

Umesema hutuma fedha mwezi wa saba. Mwezi wa saba huko ndiyo kwanza uchumaji unashika kasi, na utaendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kazi inayomaliza nguvu za mzee, yaani kupogoa, kutoa maotea (machipukizi ya shina) na kuweka samadi, huja baada ya mavuno, Januari na Februari, kabla ya masika. Fedha yako humfikia wakati anapohitaji mikono ya kuchuma mbivu moja moja, na kibarua asiyejua atachuma nyekundu na kijani pamoja na kumharibia daraja. Mzee akiona fedha zinaingia mwezi wa saba anajua jambo moja: mwanangu hajui kazi hii inakwendaje. Usione kama nakusuta, nimeliona hili katika nyumba nyingi.

Pili, huna sababu ya kuchagua kati ya kung'oa na kuacha. Mibuni ya zamani inasumbuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na ndiyo maana gharama ya dawa inakula faida. Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo, TaCRI, imetoa miche inayohimili magonjwa hayo mawili. Unaweza kubadilisha mistari michache kila mwaka, mche mpya ukachukua miaka kama mitatu kuzaa vizuri huku mingine ikiendelea. Hata mibuni ya babu yako ambayo mizizi yake ni mizima inaweza kukatwa visiki, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame, kisha ukachagua maotea mawili au matatu yenye nguvu na kuyaacha yawe shina.

Kuhusu baba, nitasema nililojifunza kwa kukosea. Nilipokuwa kijana nilipenda wakulima waliokubali ushauri wangu papo hapo, na wale waliosema "tutaona" niliwaandika kuwa wagumu. Nikirudi baada ya mwaka, waliokubali haraka mara nyingi hawakuwa wamefanya chochote, na mmoja wa wagumu alikuwa amejaribu ushauri wangu kwenye mibuni kumi nyuma ya zizi, mahali nisipoweza kuona, ili ukishindikana asiaibike mbele yangu. Muulize baba yako kama hajajaribu kitu.

Binti wa Uru amejibu:

Kaka, shikamoo yangu mpelekee mzee. Hata hivyo niruhusu niulize: mama yako umemtaja mara moja tu, kwa umri wake. Yeye anasemaje?

Ninakaa nyumbani na wazazi, mimi ndiye niliyerudi, na ningependa tusiifanye kahawa kuwa takatifu kuliko ilivyokuwa. Katika nyumba niliyolelewa kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Maana yake ni kwamba mama na sisi wasichana tulichuma, tukabeba maji ya kuoshea baada ya kahawa kuchachuka, tukageuza kwenye meza za kuanikia na kukimbia kuifunika mvua ikitishia, lakini siku ya malipo alikwenda baba, na kiasi alichopokea tulikijua kwa kukisia, kutokana na saa aliyorudi. Mama alitulisha na kutununulia daftari kwa ndizi na maziwa. Baba yangu akizungumza leo kuhusu kahawa macho yake yanang'aa. Mama akizungumza kuhusu kahawa anazungumzia mgongo.

Kwa hiyo ukiuliza ni nini kinachomwamsha mtu alfajiri, uliza pia ni nani alipewa sifa kwa kuamka huko. Baba yako ana kazi yenye jina lake: ni mwanachama mwenye namba katika chama cha msingi, na mibuni ile watu huiita ya fulani. Ni vizuri, simnyang'anyi. Lakini ninyi wanaume wawili, na sasa watatu, mnajadiliana kuhusu ardhi ambayo migomba yake inatunzwa na mtu wa nne.

Na kwa kuwa umegusa urithi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Desturi ya kitinda mimba naijua, na dada zako wanaijua. Waulize nao.

Mhaya wa Mwanza amejibu:

Mimi ni wa Kagera na sisi tuna kibanja, kama kihamba chenu, kwa hiyo hadithi naijua. Nataka tu kusema kwamba si kila mzee anaiabudu kahawa. Mwaka 2001 bei ya Arabika, kahawa ya kwenu, katika soko la dunia iliposhuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, Robusta yetu ikiwa chini zaidi ya hapo, baba yangu alichukua shoka bila kumshauri mtu na kukata mibuni yote iliyokuwa upande wa barabara, akapanda maharage. Alikuwa na ada za watoto watatu. Bei ilipopanda miaka hii ya karibuni, hadi Arabika ikapita dola 4 kwa ratili mapema 2025, watu walimcheka. Alisema maharage yalisomesha. Usimpe baba yako falsafa ambayo huenda hana. Huenda anaona tu kwamba parachichi nalo ni bei ya leo.

Mwalimu Mzee amejibu:

Mwanangu Kitinda Mimba, nina miaka 76, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa kahawa kwa wakati mmoja, kama walivyokuwa walimu wengi wa mlimani. Nimesoma swali lako mara mbili. Nitaandika kama mtu wa rika linalokaribia la baba yako, ingawa siwezi kumsemea.

Huyu ndugu wa Mwanza ana haki yake kuhusu bei. Sisi tumeona mengi. Wazee wetu walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, kikageuka kuwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mkataba wa dunia wa mgawo wa mauzo ya kahawa uliolinda bei ukaanguka mwaka 1989, na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia. Mtu aliyepita yote hayo akiwa na mibuni ile ile hashtuki kijana wake anapomwambia kuna zao jipya lenye soko. Amezoea kwamba bei ni mgeni, huja na kuondoka, na yeye hapangi siku zake kwa kumfuata mgeni.

Lakini nataka kuungama jambo, na hili ndilo lililonifanya niandike. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha ninyi kwamba shamba ni adhabu. Shuleni kwangu mtoto akichelewa nilimpa jembe. Akikosa hesabu, alipalilia mibuni ya shule. Na jioni nyumbani niliwaambia watoto wangu, "Someni, msije mkaishia kushika jembe kama mimi." Nililisema kwa mapenzi, na ada niliilipa kwa malipo ya kwanza na ya pili ya kahawa ile ile niliyokuwa nikiwatisha nayo. Wanangu wanne walinitii kikamilifu. Wapo Dodoma, Arusha, na mmoja Uingereza. Kisha nilipozeeka nikaanza kulalamika kwamba vijana hawapendi kazi. Ningetaka wapende kitu nilichowapa kama kiboko?

Ninaamini ndiyo sababu baba yako alimuuliza mjukuu, "Nani alikufundisha?" Kwetu kazi ilikuwa na mwalimu. Mimi nilishikwa mkono na baba yangu mbele ya mbuni mmoja uliokuwa karibu na mfereji, akanionyesha tawi lililozaa na tawi litakalozaa, akanipa mkasi na kuondoka. Nilikata vibaya. Alirudi, akatazama, hakusema neno, mwaka uliofuata akanipeleka kwenye mbuni ule ule nione nilichofanya. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu kwa namna hiyo tena, hata chuo cha ualimu. Watoto wangu sikuwafundisha hivyo, niliwaamuru.

Kwa hiyo zile noti kwenye kopo mimi sizioni kuwa kiburi. Mzee hakuzitumia kwa vibarua kwa sababu si vibarua aliokuwa akiwahitaji, na hakuzitumia kwa jambo jingine kwa sababu hazikutumwa kwa jambo jingine. Mhasibu atanielewa. Kwa desturi yetu, mtu akitaka kuomba msamaha kwa jambo zito humpelekea mwenzake jani la sale. Yako hayajafika huko, usijitie hatia kupita kiasi. Nenda Januari. Nenda na nguo za kazi, si na mpango.

Na kijana usimlazimishe. Nilijaribu kwa wangu.

Kitinda Mimba amerudi:

Nawashukuru wote, na Mwalimu, shikamoo. Nilikaa na majibu haya wiki mbili kabla ya kupiga simu.

Nilimuuliza baba kupogoa kunaanza lini. Alinyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema wiki ya pili ya Januari, na kwamba msumeno wake mpini umepasuka, nimletee mwingine wa meno madogo, nisije na hii mipana inayochana gome. Nimeomba likizo ya siku tisa. Bwana Shamba, nilimuuliza pia kama amejaribu kitu. Ipo miche 14 ya Lyamungo nyuma ya banda la mbuzi. Ina miaka miwili. Nimepita pale Krismasi mbili bila kuiona.

Kijana ameuliza kama kule mtandao unatosha kutuma mafaili makubwa. Nimemwambia ukweli kwamba usiku unatosha, mchana hautoshi. Hajasema atakuja wala hatakuja, nami sijauliza tena.

Dada wa Uru, nilimwomba baba ampe mama simu nikamuuliza anaonaje kuhusu maparachichi. Akasema parachichi likikua lina kivuli kizito, litamharibia migomba yake upande wa mfereji, na kwamba alikuwa anasubiri kuona ni lini mmoja wetu atamuuliza. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti. Nilimsikia baba kwa mbali akisema, "Kumbe?"